Maji Hayataki Kelele

Kornel alikuwa na sababu ya kila kitu, na hakuna sababu yake hata moja iliyowahi kufanana na ya mtu mwingine. Ukimuuliza kwa nini baiskeli inayokwenda haianguki, alikwambia imenyimwa nafasi ya kuchagua iangukie upande gani. Jiwe, alisema, linazama kwa woga. Jani halizami kwa kuwa halina la kupoteza. Na mwaka ule bodaboda zilipoanza kufika kitongojini kwao, huko juu kati ya Kilema na Marangu, alimshawishi dereva mmoja aifunike taa ya mbele kwa kitambaa wakati wa kupanda kilima, akimweleza kwamba injini inachoka kwa kuuona mlima, si kwa kuupanda. Akamwomba na yeye mwenyewe afumbe macho kidogo. Dereva alitolewa kwenye migomba ya watu akiwa mzima, ila hajambeba Kornel tena mpaka leo.

Mkewe, Lukresia, alikuwa ameishi na sababu hizo kwa miaka ishirini na tisa. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na huenda ndiyo maana ndoa ilidumu, kwani nyumba ile haikuwa na nafasi ya maneno zaidi ya yale yaliyokuwemo. Alikuwa amejiwekea utaratibu. Nadharia ya mdomo tu aliiacha ipite kama mvua ya manyunyu. Nadharia iliyotaka jembe aliisikiliza kwanza. Nadharia iliyotaka kuingia jikoni kwake aliikataa papo hapo, hata kabla haijamalizika kuelezwa. Ndiyo maana jiko lake bado lilikuwa na paa zima, ingawa Kornel aliwahi kugundua kwamba moshi hupotea njia kwa kukosa kuonyeshwa mbingu.

Basi shida yao kubwa ilikuwa maji. Bomba la kijiji liliishia shule ya msingi, mbali huko chini. Lukresia alichota kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee unaotoa maji mtoni kule msituni na kuyapitisha kihamba kwa kihamba, kwenye mashamba ya migomba ya kila ukoo. Lakini mfongo ulipita mbali na kwao, kwenye kona yenye mti mkubwa wa mringaringa, na kutoka pale kila mwenye macho aliona kwamba nyumba ya Kornel iko juu na mfongo uko chini. Hivyo kila siku ya Mungu Lukresia alikwenda na ndoo na kurudi na ndoo, safari nne, na siku ya kufua saba.

Kona ile ilikuwa na jambo lake. Ukisimama chini ya mringaringa ukautazama mfongo unavyokuja, unauona waziwazi unapanda. Maji hayaendi kwa kasi, hayapigi kelele, yanakwea polepole kama mzee anayekwenda misa ya kwanza. Watoto walikuwa wakicheza pale. Wageni walipiga picha. Watu wazima walisema ni maajabu ya Mungu, wakaendelea na shughuli zao. Kornel peke yake ndiye aliyekaa pale siku nzima, mwezi wa Januari, akiwa na parachichi moja bovu. Aliliweka barabarani kando ya mfongo, akaliachia. Parachichi likabingirika kupanda mlima.

Alifika nyumbani akiwa amelikumbatia kama mtoto aliyebatizwa.

“Mama Stella,” alisema, “tumedanganywa tangu shule ya msingi.”

Lukresia alikuwa anamenya ndizi. “Na nani?”

“Na waliosema maji yanaanguka. Maji hayaanguki. Maji yanakimbia! Yanatoka kule msituni yamegongwa na mawe, yametishwa na maporomoko, yanashuka kwa hofu. Pale kwenye mringaringa yanafika yametulia, hakuna wa kuyafukuza, na unaona yanavyofanya? Yanapanda! Maji ni kama ng’ombe. Ukimfukuza, anateremka. Ukimwita kwa upole, anakuja popote ulipo.” Akaweka parachichi mezani. “Nitayaita mpaka hapa mlangoni pa jiko lako.”

Hapo Lukresia alifungua mdomo.

Kulikuwa na jambo alilolijua yeye, na hakuna mwingine aliyelijua, kwa sababu hakuna mwingine aliyebeba ndoo kwenye njia ile kwa miaka ishirini na tisa. Asubuhi akienda mfongoni na ndoo tupu, njia ambayo kila mtu aliiona inateremka, alihema. Akirudi nyumbani na ndoo imejaa kichwani, njia ambayo kila mtu aliiona inapanda, hakuhema. Mwanzoni alidhani ni furaha ya kurudi kwake. Lakini mwaka wa tatu wa ndoa walikuwa wamegombana vibaya, akawa anarudi nyumbani bila furaha yoyote, na bado hakuhema. Siku ile ndipo alipoelewa kwamba macho ya kitongoji kizima yanadanganywa na jinsi kingo, barabara na migomba vilivyolala pale. Nyumba yake ilikuwa chini, mfongo ulikuwa juu. Magoti hayana sababu ya kusema uongo.

Alitaka kumwambia mumewe hivyo. Kisha akayaona akilini maji, meupe, yakipita kando ya mlango wa jiko, na yeye amekaa kwenye kigoda anaosha vyombo bila kunyanyuka. Akafunga mdomo.

“Jembe liko nyuma ya zizi,” alisema.

Kornel alichimba siku kumi na nne. Wapita njia walimcheka mpaka wakachoka. Bibi Mektrida, jirani yao mpika mbege, ile pombe ya ndizi, ambaye alikuwa na umri wa mama yake Kornel na ulimi wa mtu mwenye afya njema, alipita kila asubuhi kumuuliza kama kaburi analochimba ni la nyoka, maana lilikuwa refu na jembamba. Kornel aliinua kofia, akasema, “Shikamoo, bibi,” akaendelea kulainisha kuta za mtaro kwa viganja, ili maji yasije yakakwaruzwa yakakumbuka hofu.

Siku ya kufungua, alipiga marufuku kelele. Walikuja majirani kama kumi na tano, wengi wao kwa ajili ya kucheka baadaye. Kornel aliondoa udongo wa mwisho kwa mkono, si kwa jembe, akayanong’onezea maji kwa Kichagga maneno ambayo Lukresia aliwahi kuyasikia mara moja tu, wakati wa uchumba.

Maji yakageuka. Yakaingia mtaroni. Yakaenda, taratibu, bila haraka, yakipanda mlima mbele ya macho ya watu kumi na tano, mpaka mlangoni kwa jiko.

Hakuna aliyecheka. Bibi Mektrida aliweka mkono kinywani. “Ruwa wangu,” alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani, “huyu mtu tulikuwa tunamwita kichaa.”

Lukresia alitumbukiza sufuria, akaosha. Aliosha vyombo vyote vya nyumba, vichafu na visafi. Kisha akakaa kwenye kigoda, akalia kidogo.

Kijana mmoja alikuwa amechukua video. Baada ya siku mbili Stella, binti yao anayefanya kazi kwenye saluni Moshi mjini, alipiga simu akipiga kelele: “Mama, baba yuko kila mahali! Mteja wangu ananionyesha baba yangu mwenyewe!” Wageni wakaanza kuja kutoka Moshi na Himo, wakaketi chini ya mringaringa, na Kornel akawaeleza habari za ng’ombe na upole. Alinunua daftari. Alianza kusema “kwa mujibu wa utafiti.” Lukresia aliwapa wageni chai kwa maji ya mlangoni, na kila alipoinama kuchota, dhamiri ilimchoma kidogo, kama kiroboto. Lakini kiroboto mmoja, alijiambia, hamfanyi mtu ahame nyumba.

Kisha akaja Mathew.

Mathew alikuwa katekista wa kigango, na pia mwenyekiti wa kamati ya mfongo, hivyo maji ya ubatizo na maji ya migomba yote yalikuwa chini yake. Alikaa, akanywa chai, akazunguka mbali kama ilivyo desturi. Aliulizia ng’ombe, akaulizia mahindi. Mwisho akasema kwamba kigango kiko juu ya kilima, kila mtu anajua, na sherehe ya komunyo ya kwanza imebaki mwezi mmoja, na akina mama wamechoka kubeba maji ya kupikia watoto arobaini.

“Tukakumbuka kwamba Mungu ametupa mtaalamu,” alisema Mathew.

Kornel alitazama chini kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi. “Kile kilima,” alisema, “nimeshakitazama. Kimetulia.”

Lukresia aliweka birika chini. Kilima cha kigango alikijua vizuri. Kila Jumapili alikipanda kwenda misa, na kila Jumapili alifika juu akiwa hawezi kuimba wimbo wa mwanzo. Kile kilikuwa kilima kwa macho na kwa magoti.

Mathew alipoondoka, alimwambia mumewe yote. Hakuwa na mazoea ya kusema mambo marefu, kwa hiyo yalitoka kwa mpangilio mbaya: magoti, ndoo, ugomvi wa mwaka wa tatu, kingo za barabara. Kornel alimsikiliza kwa huruma, kama daktari.

“Mama Stella,” alisema, “wewe ulikuwa huhemi kwa sababu maji ya kwenye ndoo yalikuwa yanakusaidia. Yalikuwa yanataka kuja kwetu.”

Lukresia hakukata tamaa. Siku ya pili alishuka kwa Denis, mtoto wa kaka yake, fundi mwashi, akaazima mpira wa levo: ule mpira mrefu, mwembamba, unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi huutumia kusawazisha msingi. Denis alimpa bila swali, maana shangazi yake hakuwa mtu wa kuazima vitu ovyo. Lukresia alimpeleka Kornel mpaka mfongoni, pale mbele ya nyumba ya Bibi Mektrida ambapo mtaro wa kigango ungeanzia. Akampa ncha moja aishike kando ya mfongo, yeye akapanda na ncha nyingine kuelekea kilimani. Baada ya hatua thelathini maji yalianza kumwagika mkononi kwa Kornel.

“Umeona?” alisema kutoka juu. “Huku ni juu. Maji yamekuja kwako.”

Kornel aliyatazama maji yanayolowesha mkono wa shati lake. Alifikiri. Lukresia alimwona anavyofikiri, na akajua kazi ipo.

“Haya ni maji ya mahabusu,” alisema hatimaye. “Umeyafungia kwenye mpira, hayapumui, hayaoni. Maji ya namna hii hayawezi kutoa ushahidi huru.”

Msaragambo, ile kazi ya pamoja, ulianza Jumatatu. Kitongoji kizima kilitoka na majembe, na mtaro ulichimbwa kwa siku tisa: ulitoka mfongoni, ukapita nyuma ya ua wa Bibi Mektrida, ukashuka kidogo kwenye bonde dogo, kisha ukapanda kilima mpaka nyuma ya jiko la kigango. Watu walilainisha kuta kwa viganja. Lukresia aliwapikia wachimbaji kiburu, ndizi na maharage, akawatazama wanaume wazima wakiusugua udongo kama wanaogesha watoto, na hakuthubutu kusema, kwa sababu angesema nini? Ushahidi wao ulikuwa unapita mlangoni kwake, na yeye ndiye aliyeuacha upite.

Walifungua siku ya sherehe yenyewe, mara baada ya misa. Watoto arobaini wenye mavazi meupe walipangwa kando ya mtaro, na nyuma yao wazazi, wageni, na padre aliyekuwa amekuja kutoka parokiani. Kornel alipita mbele ya mistari yote kidole kikiwa mdomoni. Kengele ilifungwa kitambaa. Mbwa wa Mathew alipelekwa mbali. Padre aliombwa kwa heshima abariki kimoyomoyo, naye akakubali, huku akionekana mtu anayejiuliza kama hilo limo kwenye sheria za Kanisa.

Kornel aliondoa udongo. Maji yakaingia. Yakapita nyuma ya ua wa Bibi Mektrida vizuri kabisa, yakashuka bondeni, yakafika chini ya kilima. Hapo yakasimama.

Watu mia mbili hawakupumua. Maji yalijaa polepole, yakawa dimbwi, yakagusa kilima kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto. Yakapanda hatua moja. Ya pili.

Bibi Mektrida akapiga chafya.

Haikuwa chafya ya kificho. Alikuwa ameizuia tangu baraka, na ilipotoka ilikuja na umri wake wote. Watoto wakashtuka, mmoja akaangusha mshumaa, na maji, ambayo kwa vyovyote yalikuwa yamefika mwisho wa uwezo wake, yakaanza kurudi.

“Yametishwa!” alipiga kelele Kornel, mwenyewe akivunja sheria yake. “Bibi, umeyatisha!”

“Mimi?” Bibi Mektrida alijishika kifua. “Maji gani hayo yanayoogopa mafua?”

Lakini hakumaliza. Nyuma mfongo mzima ulikuwa bado unaingia mtaroni, na mtaro haukuwa na pa kuupeleka. Bonde lilijaa. Maji yakatafuta ukingo ulio chini kuliko yote, na ukingo huo ulikuwa ua wa Bibi Mektrida. Yalivunja udongo kwa sauti moja nzito, yakapita chini ya ua, na baada ya muda mfupi watu waliona mapipa mawili ya mbege ya sherehe yakitoka mlangoni kwake, wima, yamejaa, yakielea bega kwa bega kama maharusi. Pipa la kwanza lilipinduka kwenye mgomba. La pili lilifika karibu na padre kabla halijafanya vivyo hivyo.

Mathew alikimbia kuziba mfongo. Wanaume wakakimbilia mbege, kila mmoja akiwa na kikombe, ambacho hakuna aliyejua kilitoka wapi. Padre aliinua kanzu, akatazama viatu vyake, akacheka mpaka akashikilia mti. Kornel hakucheka. Aliweka kofia kichwani, akashuka kwenda kwake.

Siku tatu hakusema kitu. Hakueleza kwa nini mvua ilinyesha upande mmoja wa barabara. Daftari lilikaa dirishani. Jogoo aliwika mchana, jambo ambalo siku nyingine lingemchukua saa nzima, naye alimtazama tu. Lukresia, ambaye kwa miaka ishirini na tisa aliomba apate hata jioni moja ya ukimya, aligundua kwamba nyumba ni kubwa mno, na kwamba kijiko kikigonga sahani kinasikika mpaka zizini.

Siku ya nne, wakiwa wanakata majani ya ng’ombe, Kornel aliuliza bila kugeuka:

“Tangu lini ulijua? Habari ya magoti.”

“Tangu mwaka wa tatu.”

Alihesabu. “Miaka ishirini na sita. Na ukaniacha nichimbe. Ukaniacha niyanong’onezee.”

“Nilikosa,” alisema Lukresia. “Ningekwambia siku ile ya parachichi. Nilitaka maji.” Aliweka mundu chini. “Lakini na wewe fikiri. Ningesema kwa watu kwamba nyumba yetu iko chini ya mfongo, nani angekubali? Wangesema Lukresia amechoka. Fundi angekuja, angetazama kwa macho, angerudi kwake. Baba Stella, katika kitongoji hiki chote, mtu mwenye akili timamu asingechimba mtaro ule. Ulihitajika wewe.”

Kornel alilipokea neno hilo, akaligeuza huku na huku, akitafuta kama ni tusi. Hatimaye mabega yake yakaanza kutikisika. “Mapipa yanaelea kama maharusi,” alisema, na hapo akashindwa kabisa, akakaa juu ya majani ya ng’ombe, na Lukresia akakaa kando yake, wakacheka mpaka ng’ombe akaacha kutafuna.

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado lipo, Kornel alichuma jani la isale, ambalo Mchagga akiletewa hawezi kukataa kusamehe, akampelekea Bibi Mektrida. Bibi alilipokea, akamwambia amesamehewa habari ya ua, ila habari ya kusingiziwa mafua atahitaji jani lingine.

Kamati ilikaa. Lukresia alisimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaeleza habari ya magoti, safari hii kwa mpangilio mzuri. Kisha wiki nzima alitembea kando ya mfongo kuelekea msituni na ndoo ya maji kichwani, Mathew na wanakamati wakimfuata kimya kama maandamano ya Ijumaa Kuu, huku Kornel akivuta mpira wa levo nyuma yao. Mwendo wa saa moja juu ya kona ya mringaringa, alisimama, akatua ndoo. “Hapa,” alisema. Wakapima kwa mpira, kipande kwa kipande mpaka kigango, wakapima tena. Mahali pale palikuwa juu kuliko kigango kwa kimo cha mtu mzima.

Maji yalifika nyuma ya jiko la kigango wiki sita baada ya komunyo, watu wakiimba na kupiga vigelegele kwa nguvu zote. Ndoo ya kwanza alipewa Bibi Mektrida. Kornel hakuwepo. Alikuwa ameshuka asubuhi kumrudishia Denis mpira wake, akakuta mafundi wanamwaga zege.

Saa nane simu ya Lukresia ikaita.

“Shangazi,” alisema Denis kwa sauti ya chini. “Njoo umchukue mzee. Amewasimamisha mafundi wangu tangu saa nne. Anasema saruji haikauki, saruji inanuna, na tukiiomba radhi italainika tena. Wawili wameshaanza kumwamini.”

Nyuma yake Lukresia alisikia sauti ya mumewe, pana, yenye furaha, ikisema kwa mujibu wa utafiti.

“Ameshakula?” aliuliza.

“Bado.”

“Basi mpe chakula,” alisema Lukresia, “umwache amalize.”